Fungate ya Pili: Siku Tatu Katika Mji wa Pangani

Watu wa pwani tangu zamani wana desturi njema iitwayo fungate, na mpaka leo haijafa kabisa. Maarusi hupewa siku saba wasiguse kazi. Chakula hupikwa na wengine, maji huletwa na wengine, na somo wa bibi arusi huingia na kutoka kwa adabu zake. Wazee wa nyumba huwafukuza watoto wanaocheza karibu na mlango. Katika siku hizo saba watu wale wawili hawatakiwi chochote ila wazoeane. Siku ya nane mambo ya dunia huwarudia, nayo huja kwa wingi.

Basi tumewahi kujiuliza, kwa nini jambo zuri kama hili lipewe siku saba tu katika umri mzima wa ndoa? Katika nyumba nyingi tuzijuazo, bwana na bibi waliokaa pamoja miaka ishirini au thelathini hawazungumzi tena. Hawakugombana, wala hapana aliyemkosea mwenziwe. Yaliyobaki kati yao ni khabari za matumizi. Bwana akiingia husema, “Kuna nini?” Bibi hujibu, “Sukari imekwisha.” Kesho ni ada ya shule, keshokutwa ni dawa ya mtoto, na mtondo ni paa linalovuja. Hayo yote ni ya lazima, wala hatusemi yaachwe. Lakini watoto wakisha kukua, wakaoa na kuolewa, nyumba hubaki na watu wawili waliokuwa wakizungumza kwa sababu ya watoto, na sasa watoto hawapo. Tumeona ndoa za wazee zikivunjika wakati huo, na majirani wakastaajabu, wakisema, “Baada ya miaka yote hiyo!”

Dawa moja tuliyoijaribu wenyewe ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu. Ni kuondoka, watu wawili tu, kwenda kukaa siku chache katika mji mtulivu wa pwani, bila harusi, bila msiba, bila mgonjwa wa kutazamwa. Sisi na ahali yetu tulikwenda Pangani, tukalala huko siku tatu.

Twajua watakaosema kwamba kutembea namna hiyo ni mambo ya Wazungu. Hao wangefanya vyema kuzisoma tena khabari za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na kura ikimwangukia mmoja husafiri naye. Usiku, msafara ukiwa njiani, alikuwa akienda pamoja na Bibi Aisha wakizungumza. Tena imepokewa kwamba safari moja aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha, na Bibi Aisha akamshinda. Baada ya muda, Bibi Aisha alipokwisha kunenepa, wakashindana tena, naye Mtume akamshinda, akamwambia kwa kucheka kwamba hii ni badala ya ile. Aliyefanya hayo alikuwa na umma mzima wa kuongoza. Sisi wenye chuo cha watoto arubaini na shamba la ekari mbili tutasema tuna shughuli kubwa kuliko zake?

Khabari ya fedha ni nzito zaidi, nayo hatutaipita haraka. Mwalimu wa chuo si mtu wa mshahara. Fedha ya safari hii ilikusanywa kwa kibubu, kidogo kidogo, mwaka mzima na miezi miwili, na kibubu kiliwekwa juu ya kabati ambapo wote wawili twakiona. Wiki mbili kabla ya kuondoka ikaja khabari kwamba mpwa wetu amefaulu, na mahitaji yake ya shule hayajatimia. Ndugu wakasema, na maneno yao yalikuwa na uzito, kwamba kama iko fedha ya kutembea basi iko fedha ya kumsomesha mtoto. Tulikaa usiku kucha tukilitazama jambo hili. Jamaa wana haki yao, wala Mwislamu haikatai. Lakini mke naye ana haki yake, na haki ya mke aghalabu ndiyo inayoliwa kwanza, kwa kuwa hatoi sauti. Ahali yetu alimwuguza marehemu mama yetu miaka minne, akimwosha na kumlisha, wala hakuomba kitu. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Tulikuwa tumekusudia kulala siku sita, akasema, “Maalim, tulale tatu, na nusu iende kwa mtoto.” Ikawa hivyo, na mtoto yuko shuleni.

Kwa nini Pangani? Wengi wakitaja kutembea hutaja Unguja au Dar es Salaam. Ni mahali pazuri, ila pana watu wengi na sauti nyingi, na fedha huko hutoka mfukoni kama maji katika pakacha. Sisi tunakaa Korogwe. Mto upitao kando ya mji wetu, ambao wenyeji huuita Ruvu, ndio ule ule Mto Pangani. Maji yake yatoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakapita Korogwe, yakazungusha mashine za umeme za Hale zilizoanza kazi mwaka 1964, kisha yakashuka hata baharini mahali penye mji wa Pangani. Miaka thelathini tumekuwa tukiyachota na kuyafulia maji hayo, na ahali yetu hakupata kuona yanakokwenda. Tulipomtajia, alicheka, akasema ni ajabu kuishi na mtu maisha yako yote usijue kwao.

Njia yetu ilikuwa ya Tanga. Kutoka Tanga hata Pangani ni kiasi cha kilometa 50, na barabara yafuata pwani, ikipita katika minazi na mashamba ya mkonge. Kwa muda mrefu ilikuwa barabara ya vumbi, na baadaye serikali ilianza kazi ya kuitia lami na kujenga daraja la kuvuka mto. Msafiri asiye na haraka yafaa ashuke Tongoni, kilometa 17 hivi kusini ya Tanga. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arubaini ya Waislamu wa karne ya 14 na ya 15, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Jirani na hapo, ndipo Vasco da Gama alipopwelewa na jahazi yake moja mwaka 1498, na mwaka uliofuata, alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, akaichoma moto jahazi hiyo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Nguzo nyingi zimeanguka. Mibuyu imesimama katikati ya makaburi, na upepo wa bahari husikika wakati wote. Tuliwasomea Fatiha wenyeji wale tusiowajua majina, tukaenda zetu.

Mji wenyewe wa Pangani uko upande wa kaskazini wa mto, pale mto unapoingia baharini. Ng'ambo ya pili ni Bweni, penye kilima chenye miti, na kati yake huvuka pantoni, ikichukua watu, baiskeli, magari na mbuzi kwa pamoja. Mitaa ni michache na myembamba. Nyumba nyingi ni za kale, zenye baraza na milango ya nakshi, na baadhi zimebomoka hata mtu huuona mchikichi umemea ndani ya chumba alimolala tajiri. Hatukusikia muziki wa kupasua masikio. Saa tatu ya usiku mji umelala, isipokuwa wavuvi na wauza kahawa.

Utulivu huo si wa siku zote. Zamani Pangani ulikuwa mji mkubwa wa biashara, na misafara ya kwenda nchi ya Wamasai na Kilimanjaro ilifungwa hapo. Pembe za ndovu zilishuka, na watumwa pia walishuka; hilo nalo lisemwe, maana baadhi ya nyumba nzuri tunazozisifu zilijengwa kwa fedha ile. Kando ya mto palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Mwaka 1888 Sultani wa Unguja alipowakodisha Wajerumani wa kampuni forodha za pwani, mjumbe wao, Emil von Zelewski, akaja Pangani kwa kiburi. Mwezi wa Agosti, karibu na Idi ya Kuchinja, askari wake waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa. Watu wa mji hawakulivumilia hilo. Vita vilivyoanza hapo vikaenea pwani nzima, na Abushiri akawa kiongozi wake, hata alipokamatwa na kunyongwa papo hapo Pangani, Desemba 1889. Kijana anayepita na simu yake mkononi, akipiga picha za milango, si vibaya akajua anakanyaga ardhi gani.

Jambo jingine la Pangani ambalo wengi hawalijui ni khabari ya mkonge. Mwaka 1893 bwana mmoja wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Njiani mingi ikafa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katika miche hiyo 62 ndiko ulikotoka mkonge wetu, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani laki mbili. Marehemu baba yetu alikata mkonge karibu na Korogwe umri wake wote. Tulipowaza kwamba kazi iliyomlemaza mgongo ilianza kwa miche michache ya Pangani, tuliwaza mengi ambayo hayana nafasi hapa.

Lakini hatukwenda Pangani kwa ajili ya tarikhi, na ahali yetu alitukumbusha hivyo asubuhi ya pili, tulipotaka kwenda kulitazama boma kwa mara ya pili.

Siku zetu zilikuwa hivi. Baada ya Alfajiri tulitembea ufukweni mpaka jua linapanda. Bahari ya pale si ya samawati kama ya katika picha, kwa sababu mto huleta udongo, na maji yaliyo karibu na mji yana rangi ya chai ya maziwa. Ukitaka maji meupe, kaa mbali na mlango wa mto, au vuka uende Ushongo, upande wa kusini. Kisha tulirudi tukanywa chai kwa vitumbua na mhogo. Mchana tulilala, jambo ambalo ahali yetu hakulifanya tangu alipokuwa msichana, na siku ya kwanza alishindwa. Kila mara aliinuka, akidhani kuna kitu kinaungua jikoni. Siku ya pili alilala mpaka adhana ya Alasiri. Jioni tulikaa kando ya mto, tukitazama pantoni na mitumbwi.

Chakula hatukupika. Tulipatana na mama mmoja mpishi, mtu mwaminifu, naye akatupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, siku moja pweza, siku moja changu. Minazi ya Pangani ni mingi mno na watu wake hawalipunji tui. Ahali yetu, ambaye hapana chakula cha mtu mwingine alichopata kukisifu mbele yetu, aliuliza ukwaju ulitiwa wakati gani.

Jioni ya pili tulikuwa tumekaa mahali petu penye gogo la mnazi. Maji ya bahari yalikuwa yanajaa, na mto ulikuwa ukirudishwa nyuma, hata magugu yaliyokuwa yakielea yalisimama kwanza, kisha yakaanza kupanda juu. Ahali yetu akauliza, “Maalim, maji haya ndiyo yale yetu ya Korogwe?” Tukamjibu kwamba ndiyo. Akanyamaza muda mrefu.

Mtoto wetu wa pili alifariki akiwa na miezi tisa. Imepita miaka ishirini na minane. Tulimzika, watu wakaja, watu wakaondoka, na baada ya arubaini jina lake halikutajwa tena nyumbani mwetu, kwa kuwa kila mmoja alimchelea mwenziwe. Jioni ile ahali yetu akatuambia jambo tusilolijua. Siku ya pili baada ya maziko alikwenda mtoni peke yake na nguo za mtoto azifue, apate kuwapa wengine. Kofia ndogo ya kufuma ikamponyoka mkononi ikachukuliwa na maji. Angaliweza kuingia akaishika, maana haikuwa mbali, lakini miguu yake haikumtii. Akaitazama mpaka ikapita kwenye pindo la mto. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo, akasema, kila alipofua mtoni aliwaza kofia ile ilifika wapi.

Sisi twajua kwamba kati ya Korogwe na bahari pana mabwawa ya umeme na maporomoko, na kofia ya nyuzi haiwezi kuyapita. Hatukulisema hilo. Tulimtaja mtoto kwa jina lake. Naye akalitaja. Tukaanza kukumbushana jinsi alivyokuwa akicheka akisikia mbuzi, na jinsi alivyokuwa na pengo la meno mawili ya chini, na kila mmoja alikuwa na jambo ambalo mwenziwe amelisahau. Adhana ya Magharibi ikatukuta pale pale.

Hatudhani kwamba mazungumzo yale yangaliweza kufanyika Korogwe. Nyumbani pana mlango unaobishwa, pana mwanafunzi aliyesahau sahani yake, pana jirani anayeazima kinu. Miaka ishirini na minane hatukukosa nafasi ya kusema kwa sababu ya ubaya wa mtu. Nafasi yenyewe haikuwapo.

Siku ya tatu tulikwenda Maziwe. Ni kisiwa cha mchanga kilicho baharini, safari isiyopungua nusu saa kwa mashua ya mashine. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai. Bahari ikaula mchanga, miti ikaanguka, na katika miaka ya 1980 hapakubaki mti. Sasa maji yakijaa kisiwa chote hufunikwa. Yakipwa hutokea fungu la mchanga mweupe, na kuzunguka kwake pana matumbawe na samaki wa kila rangi. Ni hifadhi ya serikali tangu mwaka 1975, kwa hiyo pana ada ya kuingia, nayo iulizwe kabla ya kupatana na mwenye mashua. Atakaye kwenda na atazame mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kama saa nne ya asubuhi, na fungu huwa kavu kwa muda mzuri. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali. Mwislamu anayeijua tarehe ya mwezi wake hana haja ya kumwuliza nahodha.

Ahali yetu hajui kuogelea, wala sisi hatujui. Tuliingia mpaka magotini, naye na baibui lake, na samaki wadogo wakaja wakatuzunguka miguu. Hapakuwa na mtu isipokuwa nahodha, na yeye alikuwa amelala ndani ya mashua, kofia usoni. Tusingependa kueleza zaidi, ila mtu mzima wa miaka hamsini na kitu alishindana mbio na mkewe juu ya mchanga ule, na wala si yeye aliyeshinda.

Sasa maneno machache kwa vijana waliooa karibuni, kwa kuwa twaona wanaipenda safari ya namna hii kuliko wazee, na wakati mwingine huiharibu. Kijana hukopa fedha apate kulala mahali pa fakhari, akapiga picha mia mbili, akazipeleka kwa watu, kisha akakaa usiku kucha akitazama nani amezisifu. Bibi yuko kando yake anatazama simu yake naye. Hao wamekwenda pwani pamoja na mji mzima. Sisi simu tuliifunga, tukaifungua mara moja kwa siku, baada ya Isha, kuuliza hali za nyumbani. Hapana aliyekufa kwa kutupata mara moja. Nyumba ya kulala wageni iwe safi na yenye watu wa heshima, na cheti cha ndoa si kizito kukibeba. Ni bora kuulizwa ukawa nacho kuliko kubishana mlangoni na usiku umeingia. Chandarua kiulizwe mapema, maana penye mto na mikoko pana mbu. Wala mtu asioge mtoni kwa kuona maji yametulia. Mto Pangani una mamba.

Khabari ya sala, tuliulizwa na wengi tuliporudi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, safari ya kupunguza sala ni ya marhala mbili, nazo hupita kilometa 80. Anayetoka Tanga mjini kwenda Pangani hajafikia kadiri hiyo, basi asali kamili. Anayetoka Korogwe kwa njia ya Tanga, au Moshi, au Dar es Salaam, ameifikia. Naye akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri tangu alipofika. Sisi siku zetu zilikuwa chini ya hizo, kwa hiyo tulipunguza, ila tulipokuwa nyuma ya imamu wa mji tulisali kamili pamoja naye.

Wakati mzuri wa kwenda ni baada ya masika kwisha. Mwezi wa Juni hata Septemba hewa ni baridi kidogo, lakini kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka, basi mwenye kutaka Maziwe asikilize wenye mashua wanasemaje. Kuanzia Oktoba bahari hutulia. Miezi ya Aprili na Mei mvua ni nyingi. Na fedha ya nauli ya kurudi itengwe tangu siku ya kwanza, ifungwe katika kitambaa mbali na nyingine, na akae nayo bibi.

Tuliporudi Korogwe majirani walitaka kujua tumeleta nini. Tulileta nazi kumi, samaki wakavu, na kikapu cha ukili ambacho ahali yetu alikinunua karibu na pantoni baada ya kubishana bei kwa nusu saa. Wiki ile ile alikwenda mtoni kufua, na alipokuwa akianika nguo akauliza bwawa la Nyumba ya Mungu liko mbali kiasi gani, kwa kuwa sasa amekwisha kuona maji yanakokwenda na anataka kuona yanakotoka. Tukamwambia liko upande wa Mwanga, kwenye njia ya Moshi. Kibubu kimerudishwa juu ya kabati. Mpaka tunapoandika haya kina noti tatu na sarafu chache.